Ukungu Ambao Mke Wangu Hakuuona

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako na naomba unisome mpaka mwisho bila kunikatisha, maana nikisita kidogo tu nitaghairi.

Mimi ni fundi katika kituo kinachopokea data za setilaiti, na mke wangu ni mtabiri wa hali ya hewa pale uwanja wa ndege, kazi yake kubwa ni kuwaambia marubani kama asubuhi kutakuwa na ukungu, na kwa kazi hiyo ana sifa mpaka wenzake wakambatiza Mama Ukungu, kwa sababu akisema upo, upo, na akisema haupo rubani anakunywa chai yake kwa raha. Setilaiti yetu inasikiliza mawimbi ya zile setilaiti nyingine zinazotuonyesha njia kwenye simu, inazisikiliza zinapozama nyuma ya dunia, maana wimbi likipita kwenye hewa linapinda, na kwa kupinda kwake tunajua hewa hiyo ina joto gani na unyevu kiasi gani, na vipimo hivyo vinaingia kwenye kompyuta ambayo mke wangu anaitegemea.

Sasa, miezi kadhaa iliyopita tulibadilisha mpangilio wa chombo cha kusikilizia kilichomo ndani ya setilaiti, ili kisikilize mpaka chini kabisa karibu na ardhi, ambako zamani kilikuwa kinaacha kusikiliza kabla ya kufika, na kwa kuwa vipimo vingi vya huko chini vilikuwa vinakataliwa na chujio letu la ubora, mkuu wetu, ambaye tunamwita Bwana Ongeza kwa sababu hakuna kiasi kinachomtosha, akasema tulegeze na chujio pia, nikalilegeza mimi mwenyewe kwa vidole vyangu, idadi ya vipimo ikapanda, tukapongezwa, tukala keki. Kumbe huko chini wimbi limechoka, chombo kinapokea kelele kikidhani ni wimbi, na kelele hiyo ikitafsiriwa inasema hewa ni kavu hata kama imeshiba unyevu, halafu inapita kwenye chujio nililolegeza na kugongwa muhuri kwamba ni data nzuri. Watumiaji wetu hatukuwaambia kwamba tumebadilisha chochote.

Mke wangu akaanza kukosea. Asubuhi moja alisema kutakuwa kweupe, ukungu ukafunika njia ya kurukia, ndege ikazunguka juu mpaka ikaelekezwa kwenda kutua mji mwingine, na rubani aliporudi akampitia ofisini akamwambia, "Mama Ukungu, leo umekutoroka?" Watu wakacheka. Nyumbani akaniambia, "Moyo wangu uliniambia upo, vipimo vikaniambia hewa kavu, nikafuata vipimo. Siku hizi sijui hata kama bado naweza kusoma hali ya hewa." Nikamwambia, "Umechoka, mke wangu. Pumzika." Wakati huo nilikuwa nimeanza kushuku, kwa hiyo nikamwomba rafiki yangu anayerusha maputo ya kupimia hewa anipe vipimo vyake, nikavilinganisha na vyetu, na kila mahali puto liliposema unyevu, sisi tulisema ukavu. Nikampelekea Bwana Ongeza. Akavitazama, akavigeuza, akasema, "Tusiwatie watu hofu. Subiri kwanza tuwe na uhakika." Nikasubiri.

Mke wangu ameendelea kukosea, nami nimeendelea kumpa pole. Sasa ameomba ahamishiwe chumba cha kumbukumbu, akapange rekodi za mvua za miaka ya nyuma, na wiki ijayo atajibiwa. Juzi alirudi na kikombe chake cha kazini, akakiweka kwenye kabati letu pamoja na vingine, na mimi nikajifanya sikukiona. Shangazi, nampenda mke wangu. Je, nimwache aende huko kwenye kumbukumbu ambako hakuna wa kumcheka, kisha nimweleze mambo yakishapoa?

Ni mimi, Fundi wa Mawimbi.

*

Fundi wa Mawimbi,

Nimekusoma mpaka mwisho. Sasa kaa chini, ni zamu yangu.

Mimi setilaiti nazijua kwa yale madishi yanayoshika kutu juu ya paa la jirani, kwa hiyo sitajifanya mtaalamu. Lakini chujio nalijua. Ukilegeza chujio la chai na makapi yakaingia kikombeni, humwambii mgeni kwamba ulimi wake una kasoro.

Kubadilisha mpangilio si dhambi. Mlitaka kusikia mbali zaidi, na katika kujaribu mtu hukosea, kwa hilo nakupa pole ya kweli. Kosa ni kubadilisha kimyakimya na kuwaacha wanaotumia vipimo vyenu wagombane na akili zao. Na usisahau kuna watu wamekaa ndani ya hizo ndege, mikanda imefungwa, wanawategemea ninyi bila kuwajua.

Halafu huyu Bwana Ongeza umemtundika mbele ya barua yako kama pazia. Unamwogopa, sawa, mshahara ni mshahara. Lakini sidhani kama ndiye anayekunyima usingizi. Unachokiogopa ni swali moja la mkeo: "Ulijua tangu lini?" Na kila siku unayongoja, jibu lake linazidi kuwa chungu.

Tuje kwenye hizo pole zako, na hapa utanisamehe. Kila ulipomwambia umechoka, pumzika, ulikuwa unamthibitishia kwamba mbovu ni yeye. Rubani alimtania, wewe ukamhurumia, na naona huruma yako ndiyo iliyomuumiza zaidi. Utani wa kazini mtu anaweza kuuacha getini. Huruma ya mume analala nayo. Eti aende kwenye kumbukumbu ambako hakuna wa kumcheka. Nafuu hiyo ni ya nani, baba? Mimi naona ni yako.

Basi sikiliza. Leo hii, ukimaliza kusoma, zima televisheni umkalishe mkeo. Usianze na msamaha mrefu wa kujizungusha. Anza na siku mliyobadilisha mpangilio, kisha siku uliyogundua, ili lile swali ulijibu kabla hajaliuliza. Mwekee mezani vipimo vya puto na vyenu, umwache asome mwenyewe, maana hiyo ni kazi yake na anaiweza. Akinyamaza, nyamaza naye. Akipandisha sauti, usimwambie majirani watasikia.

Kazini nenda na tangazo ulilokwisha kuliandika, fupi, la kwenda kwa kila anayepokea data zenu: tulibadilisha hiki, siku fulani, vipimo vya juu viko sawa, vya karibu na ardhi msivitegemee mpaka tutakapowaambia. Chujio likazwe kama lilivyokuwa wakati mkiendelea kutafuta dawa. Bwana Ongeza akikwambia subiri, mjulishe kwa adabu kwamba mkeo ameshajua, na mkeo anaongea na marubani kila siku. Utaona kalamu ya kuweka sahihi itakavyopatikana haraka.

Kuhusu ombi lake la kuhama, usimshike mkono alifute, wala usimkumbatie ukadhani mambo yamekwisha. Huenda akabaki. Huenda akaona ukungu umemtosha, akaenda zake. Huenda kwanza akahamia chumba cha wageni, na hapo utavumilia. Lakini kama ni kuondoka, aondoke mtabiri hodari aliyemkasirikia mumewe, asiondoke mtabiri hodari anayeamini amekuwa mjinga. Huyo wa kwanza unaweza kumwomba radhi. Wa pili hata hatajua unamwomba radhi ya nini.