Vishada Vyekundu vya Marehemu Nunow

Salah, nimejiaibisha, wallahi. Soko la mifugo, mbele ya watu wote!

Unakumbuka kile kitambaa cha vishada vyekundu ambacho marehemu Nunow alikitundika juu ya kioo cha Land Rover yake? Nimekiona kwenye gari jipya la Bare, yule mkubwa wa ofisi ya serikali. Mimi sisahau kitu. Nikapaza sauti: "Hawa wakubwa wanaiba hata mapambo ya marehemu!"

Watu wakanishangilia. Ndipo Osob, binti wa Nunow, akajitokeza, akaniita ami kwa heshima.

"Nilimpa mimi, adeer. Bare ndiye aliyempeleka baba hospitali alipougua. Siku ile wewe ulikuwa unahutubia hapa sokoni."

Eti "ulikuwa unahutubia", kaniambia hivyo, Salah! Mbele ya watu wote!

Bare akafungua mlango. "Panda, adeer, jua kali."

Nikapanda. Vishada vikacheza mbele ya macho yangu mpaka nyumbani.