Korongo wa Kiyovu

Mjukuu wangu Hamisi,

Assalaam aleikum. Hapa mtaani Gitega, Kigali, tu wazima, ila goti langu tu. Shangazi yako Mwajuma amejifungua binti, analia kushinda cherehani yangu.

Umeniuliza kwa nini ndugu wote wanakuonea huruma kukaa peke yako ugenini, isipokuwa mimi.

Nilipoolewa nikaletwa Kigali kutoka Ujiji, babu yako alikuwa safarini na biashara zake mwezi mzima, na Kinyarwanda sikukijua. Nilikuwa nashona mapazia. Siku moja nilipeleka mapazia kwenye nyumba kubwa huko Kiyovu, nikamkuta korongo amesimama bustanini, taji la dhahabu kichwani. Wenye majumba walizoea kuwafuga na kuwakata mabawa wasiruke. Nikamhurumia.

"Pole, dada," nikamwambia. "Hata mimi nimeletwa tu."

Nikamsimulia mengi. Wiki nzima sikuwa nimezungumza na mtu.

Mtunza bustani akatokea. "Mama, hii ndege iko ya nani?"

"Si yenu?"

"Hapana. Sisi hatuna."

Korongo akakunjua mabawa yake, mapana, mazima, akapaa juu ya mabati kuelekea bonde la Nyabugogo. Nikabaki na mapazia ya watu mikononi, na pale bustanini wa kuhurumiwa alikuwa mmoja tu.

Tangu siku hiyo simwonei mtu huruma kabla sijamuuliza. Basi nakuuliza, Hamisi: mabawa yako mazima?

Bibi yako