Breki za Oldonyiro

Isiolo, 4 Machi 2024

Kwa Lotukoi,

Habari ya huko Nakuru? Mkono unaendeleaje? Dada yako Florence ameniambia wamekutia chuma kwenye kifundo cha mkono, na kwamba shangazi anakulisha vizuri. Sisi huku wazima, ni jua tu linatumaliza.

Umenifungia simu, kwa hivyo nimerudi kwenye karatasi. Nasikia umewapigia watu wa steji ya bodaboda ukawaambia nililegeza breki zako makusudi, ili binamu yangu Kiarie achukue nafasi yako kwenye mashindano ya Oldonyiro. Kama umesema, niambie mimi. Tumepanda mawe kwa baiskeli pamoja tangu darasa la saba, tukihesabiana kosa kila mguu unapogusa chini. Sikustahili kuyasikia hayo kwa mteja wa banda langu la ufundi.

Ndugu yako,
Wambugu


Nakuru, 13 Machi 2024

Wambugu,

Salamu nimezipata, chukua zako urudi nazo. Mkono ni mbovu, hivyo ndivyo unavyoendelea.

Nimesema na nasema tena. Baiskeli uliitengeneza wewe, siku moja kabla, kwa mikono yako. Nilipanda jiwe la kwanza, nikabana breki nisimame pale juu, gurudumu likaendelea kuzunguka kana kwamba sijabana kitu. Nikaanguka upande wa pili, mkono chini yangu. Na Kiarie alikuwa amesimama pale, viatu vya mashindano tayari miguuni. Nani alimwambia avae viatu?

Usiende tena kwa mama kujifanya mtoto wa nyumba. Na baiskeli yangu usiiguse.

Asiye ndugu yako,
Lotukoi


Isiolo, 20 Machi 2024

Wewe Lotukoi,

Leo sikuulizi hata mkono.

Rimu nilizisugua kwa grainda mpaka zikakwaruza. Nikapaka lami niliyobandua pembeni mwa barabara ya Moyale, kidogo tu, ndiyo inayofanya raba ya breki ing'ang'anie. Nilipobana, kelele zilitawanya mbuzi wa jirani. Zile breki zilishika! Ukaichukua baiskeli, ikalala kwenu. Asubuhi ukachelewa, ukaitupa kwenye pikapu, ukaishusha na kuvamia jiwe bila kubana hata mara moja. Nimekwambia mpaka nikachoka: bana kwanza ukiwa bado chini.

Lakini wewe huambiwi. Unajaza tairi upepo mpaka linakuwa gumu, eti kwa ajili ya miiba, na mchezo huu unataka tairi linalobonyea kidole gumba ndipo likumbatie jiwe. Kiti unakiinua kama mchuuzi wa maziwa anayekwenda Kinna. Mtu anayeendesha akiwa amesimama, kiti kirefu anakitakia nini, kimpige tumboni? Nilivumilia yote kwa sababu unapanda vizuri kuliko mimi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kiarie alivaa viatu kwa sababu ana miguu.

Fundi Wambugu


Nakuru, 30 Juni 2024

Wambugu,

Hujambo? Nauliza kwa sababu shangazi amesimama nyuma yangu.

Daktari ameniruhusu. Tarehe kumi na saba Agosti napanda tena Oldonyiro. Baiskeli iko kwa mama, nitaitengeneza mwenyewe nikifika. Nasikia banda lako limekauka, hata watu wa bodaboda wanapeleka pancha zao kwingine. Vizuri. Mtu asiyejua kulinda mkono wa rafiki yake asipewe hata toroli.

Usinijibu.

Lotukoi


Isiolo, 29 Julai 2024

Lotukoi,

Nakujibu, na utasoma mpaka mwisho hata kama umekasirika.

Mwanzoni mwa mwezi huu mama yako alikuja bandani akisukuma baiskeli yako. Kwa sasa ni yeye tu anayenijia. Rimu zilikuwa zinang'aa. Nikagusa, kidole kikateleza. Nikamuuliza, "Mama, nani amepaka hii?"

Akacheka. "Ni mimi, mwanangu. Mafuta ya kondoo. Baba yao akienda safari nilimpaka arudi salama, sasa huyu anasafiri na chuma, si nipake chuma pia? Hata ile mara ya kwanza niliipaka, jioni ile kabla hajaenda. Bila hiyo angekufa pale."

Aliketi kwenye kiti changu akanywa chai, ameridhika kabisa kwamba ndiye aliyekuokoa. Sikumwambia kwamba mafuta yake ndiyo yaliyokuangusha. Nilisema imepata baraka za kutosha, aniachie nikaze nati. Nimeosha rimu kwa petroli, nimesugua, nimepaka lami mpya. Ndiyo, nimeigusa.

Ningeweza kwenda steji siku hiyohiyo nikasafisha jina langu. Lakini ningesema tu, mtu angemfikishia mama habari kabla ya jua kutua. Kwa hivyo nimenyamaza, banda limekauka, na wewe unanitukana. Nakuchukia kwa hilo. Lakini atapaka tena ukija, na wewe hujui kubana kabla ya kupanda. Mzuie vile utakavyoweza. Asijue.

Wambugu


Isiolo, 19 Agosti 2024

Kwa Wambugu,

Habari ya banda? Mkono haujambo, mama hajambo, mimi sijambo kiasi.

Bado nina hasira nawe. Umekaa na jambo hilo mwezi mzima ukiniacha nizidi kuropoka. Na kwa ninavyojisikia, sitaki hata kukuandikia.

Mama alikuja na kibuyu cha mafuta jioni ya kuamkia mashindano, kama ulivyosema. Nilisimama mbele ya baiskeli nikamwambia chuma hakisikii baridi, anipake mimi. Alinipaka kichwa, kifua, mabega, na kwenye mkono wenye chuma akakawia sana. Viganja nikavikunja ngumi, mafuta yasifike kwenye breki. Alifurahi mpaka akaimba.

Oldonyiro nilibana kabla ya kupanda. Breki ilipiga kelele uwanja mzima ukageuka. Jiwe la kwanza nikapita, nikasimama juu. Baadaye mguu uligusa chini kila mahali, nikawa wa mwisho, kiti kilinipiga tumbo.

Jana nilikwenda steji. Nikawaambia breki ulizofunga zilikuwa sawa. Kwamba ni mimi niliyepaka rimu mafuta, nikidhani breki hulainishwa kama mnyororo. Walicheka mpaka wakashikana. Sasa naitwa Mafuta, na jina hilo halitatoka hata nikizeeka. Mama alikuwa akipita, akauliza wanachekea nini. Nikamwambia wamefurahi kuniona.

Simu nimeifungua. Ukija kwetu Jumapili lete lami, hii imeanza kuisha, na ushushe hicho kiti mwenyewe.

Ndugu yako, mwenye hasira,
Lotukoi