Mrija wa Mzee Simeoni

Baba,

Jumamosi tuliganduka, msiba wako umeondolewa. Nilitoka Gashoho alfajiri. Nilipofika nyumbani Makebuko mtungi wa impeke ulikuwa tayari uani, ile pombe ya mtama uliyoipenda, na mirija imeshachomekwa.

Nikuambie ukweli, nilikuja na hasira. Siku ya kukuzika kanisa lilikataa kukuombea kwa sababu ya pombe, na aliyekataa ni Mzee Simeoni, rafiki yako tangu kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Alisimama kando ya barabara, Biblia kwapani, akaniambia, "Sheria ya kanisa iko ile ile, mwanangu, mi sina namna." Yeye, ambaye kila Jumapili akimaliza kuikemea pombe mimbarini alizunguka nyuma ya jiko letu, nawe ukaniita, "Mletee mzee mrija wake, binti. Kuhubiri kunakausha koo." Tangu siku hiyo sijakanyaga kanisani. Majirani wa Gashoho wakiuliza, nasema nina kikohozi.

Mrija wake mfupi niliukuta palepale ulipozoea kumfichia, chini ya bati la jiko. Nilikusudia kumkabidhi mbele ya ukoo mzima, nione atatazama wapi. Akaja, akakaa na soda yake. Mrija ulikuwa ndani ya kitenge changu. Ndipo nikakumbuka ulivyocheka siku niliposema nitamtangaza: "Ukimwaibisha, mi nitakunywa na nani?" Nikauacha ndani ya kitenge, Baba. Nilitamani nikuone hata kidogo tu.

Nikasubiri watu wachangamke, nikaenda nyuma ya jiko kuurudisha. Nikamkuta huko peke yake, kofia mkononi, anakuombea. Ile sala aliyokunyima kaburini aliisali yote, kwa kunong'ona, huku akichungulia asije akaonekana. Hata kukuombea, Baba, alijificha.

Sikusema amina. Sijui tena amina yangu inakwenda kwa nani. Lakini nilimletea pombe kwenye kibuyu, nikampa mrija wake, akanywa huku analia. Na mimi nikalia.

Basi lala, Baba. Kurudi kanisani siahidi. Mrija uko chini ya bati, na kaka nimemwonya asiutupe. Kila nikija Makebuko nitamwita mzee nyuma ya jiko, nimshikie kibuyu, tukuzungumze kidogo, ili naye asikose wa kunywa naye.

Binti yako,
Esperansi