Kadi ya Baba na Monita ya Inchi Ishirini na Saba

Makambako, 3 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Kamwene Baba, na shikamoo. Mimi mzima, kazi ya duka la kompyuta inaendelea. Habari za huko Kifanya na baridi yenu?

Mama amenipigia, eti unataka kuiaga kwaya kwa kuwa huoni nota kwenye kompyuta. Baba! Miaka thelathini unatunga, leo uache kwa ajili ya kioo kidogo? Najua meseji husomi tena, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu nene. Fidelis wa basi anakuletea monita mpya, inchi ishirini na saba, nukta 3840 kwa 2160. Kabla hujaiwasha, fungua ubavu wa CPU uninakilie maandishi ya kadi ya picha, ile yenye feni ndogo, nione kama inaiweza.

Mwanao, Letisia

Kifanya, 6 Februari 2025

Mwanangu Letisia,

Kamwene. Sisi wazima, ila mama yako analalamikia magoti. Monita imefika, imejaza meza yote.

Nimepangusa vumbi, nikashika lensi, nikanakili kila kitu nyuma ya karatasi hii, hata pale walipoandika tusiguse. Nilikuwa nimeshagusa. Sasa niambie ukweli. Wimbo wa Pasaka nimeishia ubeti wa pili. Nota za alto naziweka kwenye mstari wa soprano, wanakwaya wananicheka. Naogopa, mwanangu. Nikiacha kutunga sijui asubuhi nitaamkia nini. Ikishindikana, Jumapili tarehe mbili Machi nawaaga.

Baba yako, Filbert

Makambako, 9 Februari 2025

Shikamoo Baba,

Pole ya magoti kwa Mama. Nimeangalia mara tatu: kadi yako ni ya zamani, inaishia 1920 kwa 1080, nusu ya monita kwa upana na nusu kwa urefu. Nimelia, maana kosa ni langu, nilinunua kabla ya kuuliza. Mpe Fidelis airudishe, nitafute njia nyingine. Usiage kwanza, nakuomba.

Letisia wako

Makambako, 21 Februari 2025

Shikamoo Baba. Hamjambo huko? Monita haijarudi, barua hakuna, na Mama ukimpigia anacheka tu. Umeamua nini?

Letisia

Kifanya, 3 Machi 2025

Letisia mama,

Kamwene. Tu wazima sana, na nisamehe kwa kukaa kimya, nilikuwa na kazi.

Monita niliiwasha kabla barua yako haijafika, unanijua. Mwalimu Rosemary akaja na laptopu yake mpya, akaichomeka kwenye monita tuone hizo nukta zenu zote. Nota zikawa sisimizi! Kumbe nukta zikizidi, vitu vinakuwa vidogo. Tukarudisha kompyuta yangu na kadi yake chovu: nota nene kama viazi vya Iwawa, sauti zote nne naziona bila miwani. Kadi mpya usiniletee, utaniharibia.

Jana nilisimama mbele ya kwaya. Walishasikia kwamba naaga, Hyasinta wa alto alikuwa na leso mkononi. Nikawagawia wimbo wa Pasaka niliomaliza, kurasa sita, wakaanza kuimba.

Baba yako, Filbert