Ukurasa Nilioruka

Alhamisi, 6 Juni

Kurasa nne tu leo. Nne. Saa mbili nzima kwenye benchi la chumba cha nyuma ya kanisa, kitabu mapajani, na kurasa nne tu.

Mimi nasoma Kifaransa, nawapa Kiswahili. Ndiyo kazi yangu ya kila Jumapili, miaka kumi na miwili namtafsiri pasta. Lakini pasta hakatizwi. Hawa bamaman wa kikundi cha kudarizi wanakatiza kila mstari. Na kitabu walikitaka wenyewe! Ni cha binti wa Maman Furaha, alikisomea shuleni. Msomi wa sayansi anashona vipande vya maiti, anatengeneza mtu, anampa uhai. Basi niacheni nisome. Hapana. Kwanza wajue majirani walikuwa wapi. Harufu yote ile, na hakuna aliyebisha hodi? Mtaa gani huo? Nikasema ni Ulaya. Maman Furaha akasema hata Ulaya batu wana pua.

Maman Furaha anauza sambaza sokoni, samaki wadogo wa ziwani, na mdomo wake haulali. Nimerudi kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 7 Juni

Olivier amepiga simu mchana, akitoka zamu kwenye kiwanda cha saruji, Muganza. Mwanangu wa pekee. Ati Neema, mama wa mtoto wake, amechoka kusubiri. Mtoto ana wiki tano na hakuna mtu wa upande wetu aliyekwenda kumhemba: kubeba unga wa uji na maziwa, kuingia, kumpokea mtoto mikononi, useme huyu ni wetu. Tarehe ishirini na mbili ikipita bila sisi kufika, Neema anavuka daraja la mpakani na mtoto, anarudi kwa mama yake Bukavu, na mtoto atakuwa wa huko.

Aende. Nilishasema siendi. Msichana nilifichwa hadi tumbo la miezi saba, na aliyenipa habari ni Maman Furaha, sokoni, mbele ya watu, huku akinipimia sambaza. Bila kuletwa nyumbani, bila mahari, bila hata salamu. Olivier nilimlea peke yangu tangu baba yake alipofariki. Nilivuka naye kutoka Bukavu akiwa mgongoni. Hiyo ndiyo asante yangu.

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Jumapili, 9 Juni

Pasta leo alihubiri kama mtu anayefukuzwa. Nimemfuata neno kwa neno. Sijawahi kuacha neno lake, hata siku aliposema watafsiri wana kiburi. Nililitafsiri na hilo, wazi kabisa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeruka ukurasa.

Naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Ni pale kiumbe cha yule msomi kinapofumbua macho. Kinamwendea, kinamnyooshea mkono, kinajaribu kusema kitu. Na msomi anakimbia, anakiacha peke yake ndani ya nyumba. Nimeusoma kwa macho, mdomo ukakataa. Nikawaambia: alipoona kazi yake imeharibika, akaenda kulala, kesho yake asubuhi akaamka. Nikaendelea na asubuhi.

Kwa mara ya kwanza hakuna aliyekatiza. Sindano zikaendelea.

Ni macho tu. Miwani hii ni ya zamani.

Maman Furaha ameazima kitabu mpaka wiki ijayo. Ati anataka kuangalia picha. Hakina picha hata moja.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepita upande wa nyuma wa soko nisikutane na mtu wa sambaza. Nimenunua maharage kwa mama nisiyemjua. Nusu mawe. Yaani hata maharage.

Jumanne, 18 Juni

Olivier ametuma picha ya mtoto. Sikuifungua.

Nimeifungua. Masikio ni ya marehemu, baba yake Olivier. Yale yale, yamesimama. Nimefunga simu nikaiweka chini ya mto. Nina hasira na sijui ni ya nani.

Alhamisi, 20 Juni

Wamenipanga hawa. Nimeingia nikakuta viti vimewekwa duara, kama siku wazee wa mtaa wanapokata kesi. Maman Furaha akanikabidhi kitabu, kimefunguliwa tayari. "Maman Olivier, apa uliruka. Utusomee tu." Kifaransa chake ni cha darasa la sita, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Nikasoma. Neno kwa neno, kama kwa pasta. Pale pa mkono nikafuta miwani, nikaanza mstari upya.

Kisha wakafungua kesi. Huyu aliyezaliwa, nani alienda kumhemba? Nani alimpa hata uji? Hata maji ya moto? Nikawaka. Nikawaambia kitabu hiki kinahusu kiburi cha sayansi, binadamu kutaka kushika kazi ya Mungu, wasomi wote wanasema hivyo, mambo ya uji hayamo kabisa. Wamenipandisha presha.

Maman Esteri, mkubwa wetu, ambaye husema labda mara moja kwa mwezi, akauliza: "Na ule bwana, hakukuwaka na mama?"

Nikajibu alikuwa naye, ila alikufa kabla ya hayo yote.

"Aah. Basi mama hana kosa. Alikufa."

Akarudi kwenye kitambaa chake. Hakuna aliyeniangalia. Wote tisa, macho kwenye uzi. Heri wangeniangalia.

Ijumaa, 21 Juni

Wambea wakubwa. Nimeandika na sifuti. Kumbe muda wote huu mimi ndiye kitabu.

Nimeunguza yale maharage ya mawe. Nikawa nasugua sufuria, nikafikiri: nimekuwa namweka Olivier mahali pa yule msomi. Kafanya jambo gizani, amezaa balaa. Lakini Olivier hakukimbia. Anatoka zamu na vumbi la saruji kichwani, anachota maji, anafua nepi. Maman Furaha alimwona kwa macho yake alipopeleka samaki kule, akaniambia, nikamwambia anyamaze.

Aliyekimbia ni mimi. Hata sikumngoja mtoto afumbue macho. Naona aibu. Basi.

Nimenunua unga wa mtama kilo tano, na kitenge.

Jumamosi, 22 Juni

Muganza. Joto la huku nilikuwa nimelisahau. Gari lilisimama Nyakarenzo kupakia ndizi, likasimama tena Rwimbogo bila sababu, nami nahesabu saa, namwomba Mungu nimkute.

Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa. Neema hakuinuka. Hakusema karibu. Nilisema nimekuja kukuhemba, mwanangu, nimechelewa, kosa ni langu. Niliifanyia mazoezi njia nzima na bado ilitoka vibaya. Akasema: "Amelala."

Nikakaa. Nikapika uji kwenye jiko lao. Akauacha mezani. Nikakaa tena. Olivier akarudi kutoka zamu, akaniona, akasimama mlangoni na viatu vyake vyeupe kwa saruji, akatoka nje. Nilimsikia ananawa uso muda mrefu sana.

Mtoto akaamka analia. Neema alimchukua, akamnyonyesha, akanitazama. Akaniwekea mikononi. Mzito kuliko nilivyodhani. Nikasema huyu ni wetu. Neema akanywa uji, ulikuwa umepoa.

Sijui ataamua nini.

Jumapili, 23 Juni

Sijaenda kanisani. Pasta atafute mwingine.

Asubuhi Olivier yuko kazini. Nimekaa nje na mtoto, jua bado dogo. Nikamuuliza Neema anaitwa nani. Wiki saba, na sikuwahi kuuliza. Amenitazama kwanza. Akasema: Ishimwe. Nimelisema mara mbili, polepole, na mtoto akanikazia macho.

Neema ameingia ndani. Ametoka na nguo zote za mtoto kutoka kwenye begi, akaniambia zinanuka vumbi, akaziloweka kwenye beseni. Nimemsaidia kuzianika.