Mtungi wa Tata Njoki na Selika Iliyochemka

Jumamosi, saa tisa na nusu mchana. Gatongora.

Mawingu yamejaa tangu asubuhi na hakuna tone hata moja. Ni jasho tu. Anga imenuna kama mama akikuta nimepanga spana kwenye meza ya kulia. Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni. Naamka, nakaa, naamka tena. Gari nimeizunguka mara saba, kama vile ya nane itakuwa imejitengeneza.

Mnaosoma blogu hii mnanijua. Mimi ndiye yule aliyeachia shule kidato cha pili na bado akafungua injini ya Selika peke yake, akairudisha, na hakuna bolti iliyobaki.

Sawa, ilibaki moja. Lakini ilikuwa ndogo.

Kwa mgeni aliyepotelea hapa: Selika ni gari ya michezo kutoka Japani, milango miwili, nyekundu, na imenizidi umri. Taa zake za mbele hulala ndani ya bonneti. Ukiziwasha zinainuka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mwenyewe ni Tata Njoki, dada mkubwa wa baba. Alikuwa karani kwenye shamba la kahawa upande wa Thika, na enzi zake ndiye mwanamke pekee pale ofisini aliyesikika akija kabla hajaonekana. Baadaye ikamshinda kuitunza, akailaza huku kwetu, nyuma ya nyumba. Ililala mpaka kuku wa mama wakafanya kiti cha nyuma kuwa wodi ya kujifungua.

Mwaka jana akaniambia, "Ukiiamsha ni yako. Lakini wa kwanza kuiendesha ni mimi. Naitoa hapo kwenu mpaka kwangu Thika, halafu nakuachia funguo."

Nikaiamsha. Nilianza na kuku, na mmoja alinidonoa, alama ninayo. Nikakata kutu yote ya sakafuni na kuchomelea vyuma vipya kwa fundi Kamaa wa Kiuu. Kamaa ndiye aliyenifundisha hii kazi, ingawa siku hizi namwambia mwanafunzi alishampita mwalimu na hata vumbi halionekani. Nikasugua vali kwa mkono. Kabureta niliivua mara nne nikiitukana, na mara ya tano ikaimba. Siku hiyo mama alitoka jikoni na unga mikononi akasema, "Haiya! Kumbe haikuwa imekufa?" Na huyo ni mtu ambaye hanisifu hata nikiosha vyombo.

Jumanne nikampigia Tata simu. Nikamwambia iko tayari, tena iko tayari kuliko ilivyotoka Japani. Njoo Jumapili ukitoka kanisani.

Haikuwa tayari.

Mshale wa joto ulikuwa unapanda. Nilikuwa nauona. Wiki mbili nzima naiwasha hapa nyuma ya nyumba, nauona ukipita katikati na kuendelea, na ninaizima kabla haujafika kwa nyekundu. Nikajiambia huo mshale ni mzee, unadanganya. Kati yangu na mshale kulikuwa na mwongo mmoja, na sasa tunajua ni nani.

Halafu kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa, kwa sababu hapa huwa naandika ya kujipiga kifua. Tata ana presha ya macho. La kulia linafifia na la kushoto linalifuata. Mwezi ujao anarudi kliniki, na daktari amemtayarisha kwamba huenda siku hiyo akaambiwa asishike usukani tena. Alinisimulia akicheka, kama anazungumza juu ya jirani. "Nataka kuendesha gari yangu mara moja tu nikiona ninakoenda. Baada ya hapo wachukue macho yao."

Mtu kama huyo unamwambiaje ngoja?

Ndio maana nikasema iko tayari.

Leo asubuhi nikaitoa nje, eti kuijaribu. Kuijaribu ningeijaribu kwa kwenda juu, kwenye barabara isiyo na watu. Lakini nilishuka chini, nikapita kwenye maduka, mpaka steji ya bodaboda. Sikuwa na shughuli yoyote steji. Nilitaka wanione. Nikapunguza mwendo, nikawasha taa mchana kweupe ili ziinuke mbele yao. Zikainuka vizuri sana.

Na mvuke nao ukainuka.

"Injinia! Unatupikia chai?"

"Leta majani, maziwa tuko nayo!"

"Wee, hiyo ni gari ama ni birika?"

Nikatoa kichwa dirishani. Nikawaambia inapumua, gari za maana hupumua, wao wamezoea vitu vya kukohoa. Sijamaliza sentensi, ikazimika.

Watu wa boda walinisukuma mpaka nyumbani. Walikuwa wanne, wameacha abiria wao, wanaimba wimbo wa mazishi wa kanisani kwa sauti mbili kabisa, besi na tenori. Watoto wakajiunga nyuma. Niliwashukuru? Niliwaambia wasishike pale kwenye rangi mpya. Nimekumbuka asante saa hii nikiandika.

Kamaa alikuja saa tano na begi lake la spana. Akangoja injini ipoe kabisa, akafungua kifuniko cha redieta, akaingiza kidole. Kikatoka cheupe, kama amekichovya kwenye unga.

"Umekuwa ukitia maji gani?"

"Maji tu."

"Nimekuuliza gani."

"Ya kisima. Ya mfereji si unajua yanakuja siku yanayotaka."

"Mara ngapi?"

Nikamwambia kuna mpira wa maji uliokuwa unavuja kidogo. Badala ya kuununua nilikuwa naufunga na kipande cha tyubu ya baiskeli na kuongeza maji kila asubuhi. Lita moja, siku nyingine mbili. Miezi yote hiyo.

Kamaa hakunitukana. Hiyo ndiyo iliniuma, kwa sababu huwa ananitukana hata nikifanya vizuri. Aliingia jikoni, akamsalimia mama, akarudi na birika ya chai. Akaifungua mbele ya uso wangu. Ndani kuna ukoko mweupe, mnene kama ganda la yai.

"Hii inachemsha mara mbili kwa siku," akasema. "Yako inachemsha kila ukiiwasha. Ama ulifikiria hii chokaa inaogopa gari ya Japani?"

Hapa ndipo nashindwa kukaa. Nimekulia haya maji! Najua sabuni haitoi povu. Najua mama hufulia nguo za kanisa kwa maji ya mvua peke yake na ukimguzia hiyo ndoo utalala njaa. Najua kila baada ya muda lazima mtu akwangue birika, na huyo mtu huwa ni mimi. Nimeikwangua hiyo birika kwa kijiko asubuhi, nikanawa mikono, nikatoka nje na jagi ya maji yale yale kwenda kunywesha Selika. Sikuwahi kuunganisha. Nimetazama video za Wajapani mpaka simu ikaisha chaji, na hakuna hata Mjapani mmoja aliyetaja visima vya Gatongora.

Na kuna mtu alikuwa ameniambia.

Wa zamani hapa mnakumbuka ile picha ya mtungi. Siku ya kwanza nilipofungua buti ya Selika nilikuta mtungi wa njano wa lita ishirini, umeandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha: MAJI YA MVUA, YA GARI TU. Nikacheka sana. Nikaupiga picha, nikaiweka hapa na maneno kwamba gari ya Tata ilikuwa mlokole, inakunywa maji ya kutoka mbinguni. Mkacheka nami, watu kumi na mmoja. Nilijiona nimeandika.

Halafu nikachukua msumeno nikaukata ule mtungi katikati, nipate cha kukingia oili chafu.

Nimeutoa leo chini ya benchi. Nimeufuta na kitambaa, na mafuta ya taa kidogo, na maandishi yakatokea. YA GARI TU. Nusu ile nyingine, ya maji ya mvua, mama amepandia dania pale kando ya tenki.

Kamaa anasema nina bahati, gasketi haijaungua na hedi, kile kifuniko cha injini, haijapinda. Lakini nikijaribu kwenda Thika kesho, itapinda kabla hatujaona Juja. Akafunga begi lake, akasita, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie Njoki betri imekufa. Betri haina aibu. Kila mtu hufiwa na betri."

Ni uongo mzuri, sitakataa. Ni mwepesi, unabebeka. Niliuandika kwenye simu mara tatu. Mara ya kwanza betri. Mara ya pili betri na pia nina homa. Mara ya tatu nikasema fundi ndiye ameharibu, na fundi mwenyewe bado alikuwa amesimama hapo anakunywa chai ya birika yetu.

Nikafuta zote. Si kwamba mimi ni mtu mwema. Niliwaza tu: Tata atakubali hiyo betri. Atasema sawa, kijana, tutafanya wiki ijayo. Wiki ijayo nitatafuta uongo mwingine, na wiki zake zinahesabika, zangu hazihesabiki. Nitakuwa nimemnyima barabara yake kwa sababu niliona aibu ya birika.

Nikapiga.

"Tata, gari haiko tayari."

Nyuma yake nikasikia Thika, mtu anatangaza nyanya kwa kipaza sauti.

"Imechemka?"

"Umejuaje?"

"Shiru hunisomea hiyo blogu yako." Shiru ni binti yake, na sikujua kama anajua hata nina blogu. "Siku ulipoweka mtungi wangu nilimwambia, huyu kijana wa ndugu yangu atanipikia injini."

"Na hukuniambia?"

"Sikukuambia? Niliandika kwa herufi kubwa. Na rangi ya kucha! Ulitaka nikuandikie na nini, moto?"

Nikacheka. Nikamwambia mtungi nimeukata. Nikamwambia mshale niliuona wiki mbili na nikanyamaza. Nikamwambia nilikuwa naogopa mambo ya macho yake, kwamba nikisema ngoja nitakuwa nimeharibu kila kitu.

Yule wa nyanya akateremsha bei.

"Sikia," Tata akasema. "Hata mimi niliichemsha, hapo Juja, na maji ya kisima, nikiwa na haraka ya kuonekana na watu. Mtungi ulikuja baada ya hapo. Na macho yangu si stima, hayapotei yote jioni moja. Kliniki ni mwezi ujao. Redieta inaoshwa siku tatu. Mimi naweza kungoja. Wewe ndiye hujawahi kungoja kitu, hata kuzaliwa ulikuja mapema."

Halafu akaanza kutoa amri, na nikajua bado mimi ni mtoto wa ndugu yake. Anakuja kesho vilevile. Anakuja na limau, gunia dogo, kwa sababu kilichoshika redieta ni kilichoshika birika na kinatoka kwa dawa ile ile. Kamaa asiende popote. Mimi ninunue mpira mpya leo, si kesho. Nimtafutie mtungi mzima, na safari hii nitauandika mwenyewe akiwa amesimama hapo.

"Na uweke beseni nje," akasema. "Huku kumeanza kutia giza. Mvua inakuja kwenu."

Mpira nimenunua, mpya, nimeutoa kwenye karatasi yake mara mbili kuuangalia. Chini ya mabati nimepanga beseni tatu, ndoo mbili na sufuria ya ugali. Mama ametoka, ameiangalia sufuria yake, ameniangalia, amerudi ndani. Nitaulizwa saa ya chakula.

Ile picha ya mtungi sijaifuta. Nilifika mpaka pale kwenye kufuta, kidole kikasimama. Nimeandika chini yake: "Mwenye mtungi alikuwa sahihi. Aliyecheka alirudishwa nyumbani na watu wa boda wakimwimbia mazishi." Tayari mmoja wao ameiona. Ameuliza kama kesho pia kutakuwa na ibada.

Sasa hakuna cha kufanya. Na mimi ni mtu wa kufanya. Mikono inawasha. Nimefunga bolti zilizokuwa zimefungwa. Nimepangusa taa. Nimeketi kwenye kiti cha dereva kidogo, nikatoka, kwa sababu si changu bado. Nimekisogeza mbele mpaka pale nafikiri miguu ya Tata itafika.

Wataalamu wa mvua, inachukua muda gani kutoka Thika kuja huku? Kwa gari najua. Kwa mawingu sijui.

Kuna kitu kimegonga mabati mara mbili. Inaweza kuwa ni matone, inaweza kuwa ni njiwa wa jirani.

Natoka kuangalia.